Wanawake Waandikao Ukutani: Wachora Picha wa Mithila na Ngano Zao

Katika lugha ya Kimaithili, isemwayo kaskazini ya Bihar katika India na katika nchi tambarare ya kusini ya Nepal, mwanamke apambaye ukuta wa chumba cha arusi kwa picha hasemi kwamba anachora. Asema kwamba anaandika. Neno ni lile lile litumikalo kwa barua na kitabu. Wala halikushika kwa sababu wanawake wale walikuwa wasomi, maana katika vizazi vilivyopita wengi wao hawakupelekwa shule. Limeshika kwa sababu ukuta ndio uliokuwa kitabu chao. Sisi tusemao Kiswahili twaweza kuifahamu maana hiyo bila taabu, kwani nasi twasema kuandika meza, yaani kupanga vyombo kila kimoja mahali pake. Na huyu wa Mithila naye hupanga alama zake kwa taratibu aliyofundishwa na mamaye, hata ukuta ukasomeka.

Habari za wanawake wachora picha waliochukua ngano na hadithi za kale kuwa kiini cha kazi yao mara nyingi huandikwa kana kwamba zilianza Ulaya. Hutajwa Angelica Kauffman (1741–1807), aliyechora hadithi za Wayunani na Warumi, naye alikuwa mmoja wa wanawake wawili tu waliokuwamo katika waanzilishi wa Royal Academy ya London mwaka 1768. Hutajwa pia Evelyn De Morgan (1855–1919), Mwingereza aliyefuata njia hiyo hiyo. Hao wana heshima yao. Lakini kila mmoja wao alikuwa mtu wa pekee kati ya wanaume, aliyejipenyeza mahali ambapo mlango ulikuwa mwembamba. Katika Mithila mambo yalikuwa kinyume: kazi yenyewe ilikuwa ya wanawake, nyumba kwa nyumba, na mwanamume ndiye aliyekuwa mgeni. Ndiyo sababu tumeona vema kueleza habari zao kwa kirefu.

Neno tunalotaka kulionyesha ni hili: ngano haihifadhiwi na ukuta, wala na karatasi, bali huhifadhiwa na mtu aliye na haki ya kuieleza. Historia ya wanawake wa Mithila katika miaka mia hii yathibitisha jambo hilo kwa furaha na kwa huzuni pia.

I. Nchi na ngano ya Sita

Wasomaji wetu waliokaa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam wamezoea kuwaona Wahindi. Lakini wengi wa hao asili yao ni Gujarat, Kachchh na Punjab, upande wa magharibi. Mithila iko mashariki, kati ya mto Ganges na milima ya Himalaya. Ni nchi ya mpunga, mabwawa, samaki na mafuriko. Mpaka wa India na Nepal huikata vipande viwili, lakini lugha na desturi ni moja pande zote mbili.

Watu wa Mithila hujisifu kwamba nchi yao ndiyo kwao Sita, yule mke wa Rama asimuliwaye katika Ramayana. Wasema kwamba mfalme Janaka alikuwa akilima shamba kwa plau, na katika mfuo wa plau akamkuta mtoto mchanga wa kike, akamlea kuwa binti yake. Jina Sita maana yake ni huo mfuo wenyewe. Binti alipokua, mfalme aliweka sharti kwamba atamwoa yule tu awezaye kuupinda upinde wa Shiva, na Rama aliupinda hata ukavunjika. Ndipo, kwa masimulizi ya watu, Janaka alipowaamuru raia wazipambe kuta za nyumba zao kwa picha kwa ajili ya arusi ile, na wanawake wa Mithila hueleza kwamba hapo ndipo kazi yao ilipoanza. Mji wa Janakpur katika Nepal umeitwa kwa jina la mfalme huyo, na kila mwaka, mnamo Novemba au Desemba, arusi ya Rama na Sita huadhimishwa huko kwa mahujaji wengi.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Siku hiyo ya arusi ya Sita, ambayo mgeni angedhani ni siku njema kupita zote, watu wengi wa Mithila hawataki kuwaoza binti zao. Sababu yake ni kwamba wanakumbuka yaliyofuata. Sita alikwenda uhamishoni porini pamoja na mumewe. Akatekwa na Ravana. Aliporudi alitakiwa kuuthibitisha usafi wake kwa moto. Kisha, kwa maneno ya watu, akafukuzwa akiwa mja mzito. Na mwisho aliiomba ardhi iliyomzaa impokee, ikafunguka ikamchukua. Kwingineko katika India husimuliwa zaidi ushindi wa Rama. Katika Mithila watu humwangalia Sita kama wazazi wamwangaliavyo binti yao aliyeolewa mbali na asipendeze mwisho wake. Ngano ni ile ile, bali aliyeishika ni mwingine, na jicho lake ni jingine.

II. Chumba cha arusi

Picha iliyo kuu kwa wanawake hawa huitwa kohbar, nayo huandikwa katika chumba ambamo bibi arusi na bwana arusi hukaa siku nne za kwanza, na ndoa yao hutimia siku ya nne. Ukuta hukandikwa udongo na mavi ya ng'ombe, kisha ukikauka wanawake wa jamaa hukusanyika. Mmoja aliye stadi huanza kutia mistari, na wengine, hata wasichana wadogo, hujaza rangi, huku nyimbo zikiimbwa. Msichana hujifunza hivyo, pasipo shule wala mwalimu wa kulipwa, mpaka siku aaminiwayo kushika yeye mwenyewe ule mti wa mwanzi uliofungwa pamba ncha yake, ambao ndio kalamu yao.

Rangi zilitoka katika mambo ya nyumbani na shambani. Nyeusi ilikuwa masizi ya taa; nyeupe ni unga wa mchele uliolowekwa; ya manjano ilitoka katika binzari; samawi katika nili; nyekundu katika udongo na maua; kijani katika majani. Siku za ibada nyinginezo wanawake huchora pia sakafuni na uani kwa uji wa unga wa mchele, kwa vidole vitupu, na michoro hiyo huitwa aripan.

Alama za kohbar si pambo tu. Katikati lipo yungiyungi la maji lenye shina refu lipenyalo maua ya duara yaliyoizunguka, na karibu yake lipo kichaka cha mianzi. Hizo ni alama za mke na mume na za uzazi, kwa kuwa mianzi huzaana upesi, na yungiyungi hujaza bwawa zima. Samaki na kobe ni wa maji yenye rutuba. Kasuku ni ndege wa mapenzi. Jua na mwezi ni mashahidi. Katika pembe za chumba huwekwa sura ya mwanamke aliyejifunika, aonyeshaye jicho moja tu, aitwaye Naina Jogin, naye hulinda maarusi na macho mabaya. Wamo pia Shiva na mkewe Parvati, na Krishna na Radha, ambao mshairi Vidyapati wa Mithila aliwatungia nyimbo katika karne ya 14 na ya 15, na wanawake huziimba hata leo katika arusi.

Ila arusi ikiisha, picha huachwa. Mvua na moshi huiharibu, na ukuta hukandikwa upya. Hakuna aliyetia jina lake pale. Kazi yote ilikuwa ya kuisha, na ilipokwisha yupo mwanamke aliyeijua, aliyeweza kuiandika tena kwa arusi nyingine. Hatuna budi kulishika neno hilo, kwa kuwa tutalirudia.

III. Binti za nyoka

Pamoja na picha yapo masimulizi, na hayo nayo ni ya wanawake. Katika mwezi wa Shravan, yaani kati ya Julai na Agosti, mvua zinapokuwa nyingi na nyoka wakitoka mashimoni, mwanamke aliyeolewa karibuni hufanya ibada ya Madhushravani kwa muda wa siku kumi na tatu au zaidi. Kila asubuhi mwanamke mzee humsimulia ngano ya siku hiyo. Hapana kuhani wa kiume asimamiaye. Kikongwe ndiye mwalimu, na bibi arusi ndiye mwanafunzi.

Ngano mojawapo ni hii. Shiva na mkewe Gauri walikuwa katika bwawa, na mbegu ya Shiva ikaangukia majani ya yungiyungi, wakazaliwa binti watano walio nyoka. Shiva akawa akienda kucheza nao kila siku kwa siri. Gauri, alipoona mumewe haonekani nyumbani, aliingiwa na wivu, akamfuata, akawakuta wale binti akataka kuwaangamiza. Ndipo Shiva alipomweleza kwamba hao ni watoto wake, tena kwamba atakayewaheshimu katika mwezi wa Shravan hataumwa na nyoka. Mtu awezaye kusikia husikia ndani ya ngano hiyo wivu wa mke, siri ya mume, na hofu ya msichana aingiaye nyumba asiyoijua. Kikongwe hamwambii bibi arusi mambo hayo waziwazi. Humsimulia habari za nyoka.

Katika wanawake waliozileta ngano hizi nje ya kijiji, Baua Devi wa kijiji cha Jitwarpur ndiye anayejulikana zaidi kwa binti nyoka. Sura zake ni wanawake wenye nyuso za kibinadamu na miili ya nyoka iliyojikunja, wajazao karatasi kutoka pembe hata pembe. Mwaka 1989 kazi yake ilionyeshwa Paris, katika maonyesho makubwa yaliyokusanya wastadi wa mabara yote, na mwaka 2017 Serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri. Hivyo ngano iliyokuwa ikinong'onwa katika chumba cha bibi arusi ilipata kuonwa na watu wasiojua hata jina la mwezi wa Shravan.

IV. Tetemeko la mwaka 1934

Tarehe 15 Januari 1934 nchi ya Bihar na Nepal ilitikiswa na tetemeko kubwa, na watu zaidi ya 10,000 walikufa. Nyumba za Mithila zilianguka kwa maelfu. Wakati huo alikuwako huko ofisa kijana wa Serikali ya Kiingereza, jina lake William George Archer, aliyetembea vijijini kukagua hasara. Kuta za nje zilikuwa zimeanguka, na yale yaliyokuwa yamesitirika ndani yakawa wazi. Akaona juu ya vipande vya kuta vilivyosimama zile picha za maarusi, za miungu, za samaki na za mianzi. Kabla ya siku hiyo ingekuwa vigumu kwa mwanamume mgeni kuingia chumba kile. Msiba ndio uliomfungulia mlango.

Archer aliona upesi kwamba kazi ile si ya kupuuzwa, akailinganisha na kazi za wachora picha wapya wa Ulaya waliosifiwa katika siku zake. Katika miaka iliyofuata alipiga picha kuta nyingi, na mwaka 1949 aliandika makala katika jarida la Marg la Bombay, na kwa makala hiyo wasomi wa India na wa ng'ambo walipata habari. Twamshukuru kwa hayo. Lakini katika kueleza aliyoyaona alizigawanya picha kwa tabaka za wenye nyumba, hizi za Brahmin na hizi za Kayastha, akionyesha jinsi wale walivyojaza rangi nzito na hawa walivyopenda mistari myembamba. Mgawanyo huo una kweli ndani yake. Hata hivyo msomaji hupewa tabaka kabla ya kupewa mtu. Mkono ulioandika ukuta ule ulikuwa na mwenyewe, naye alikuwa na jina, na pengine alikuwa amesimama uani wakati mgeni alipokuwa akitazama.

V. Kutoka ukutani hata karatasini

Mwaka 1966 na 1967 mvua zilikosekana katika Bihar, njaa ikaingia. Serikali ya India ilitafuta njia za kuwapatia watu riziki, na Pupul Jayakar, bibi aliyekuwa mkuu katika shirika la kazi za mikono la nchi yote, alimtuma mchora picha wa Bombay aitwaye Bhaskar Kulkarni aende Madhubani awape wanawake karatasi, waandike juu yake yale waliyokuwa wakiandika ukutani, ili picha ziuzwe Delhi.

Kulkarni hakupokewa mara moja. Picha ya arusi ilikuwa jambo la nyumbani na la ibada. Kuiuza kulionekana kama kuuza baraka. Tena wanawake wa tabaka za juu hawakuzoea kujitokeza mbele ya mwanamume asiye wa jamaa. Lakini njaa haina mjadala, na wachache katika vijiji vya Jitwarpur na Ranti walikubali. Katika hao wa kwanza walikuwamo Jagdamba Devi (1901–1984), Sita Devi (1914–2005) na Mahasundari Devi (1922–2013). Picha zao zilinunuliwa, na jambo lililoanza kwa kuokoa watu na njaa likawa kazi.

Kulitokea mabadiliko makubwa mawili. La kwanza ni jina. Karatasi haifi pamoja na msimu wa mvua, nayo hupita mikononi mwa watu, kwa hiyo mnunuzi huuliza imefanywa na nani. Mwaka 1975 Jagdamba Devi alipewa Padma Shri, wa kwanza katika wachora picha wa Mithila; mwaka 1981 akafuata Sita Devi, aliyesifiwa kwa sura zake ndefu za Krishna na Radha zenye rangi nzito. Mwanamke ambaye katika kijiji aliitwa mke wa fulani au mama wa fulani sasa aliitwa kwa jina lake mwenyewe.

La pili ni soko, na hilo lina pande mbili. Wafanya biashara walikuja mpaka vijijini, wakanunua kwa bei ndogo wakauza kwa bei kubwa. Nao walitaka picha zinazojulikana, za miungu ile ile, upesi na kwa wingi. Mkono uliokuwa ukiandika kwa ajili ya arusi moja ukaanza kunakili kwa ajili ya duka. Mwalimu yeyote ajua tofauti ya mtoto asomaye na mtoto akaririye. Basi ngano nayo inaweza kukaririwa kwa rangi mpaka maana yake itoke. Ili kupambana na hayo kiliundwa mwaka 1977 chama cha wastadi wa Mithila, kwa msaada wa Mmarekani mmoja mwana elimu ya desturi, Raymond Owens, ili wapate bei ya haki. Mwaka 2003 ilifunguliwa Madhubani shule ya kufundisha kazi hii bila malipo. Upande wa Nepal, wanawake wa Janakpur walipata nyumba yao ya kazi mwaka 1989.

VI. Ganga Devi

Ikiwa twataka kuona wazi jinsi mtu mmoja awezavyo kuishika ngano ya wote na kuifanya isemee maisha yake, na tumwangalie Ganga Devi. Alizaliwa mwaka 1928 katika jamaa ya Kayastha, akajifunza mistari myembamba ya watu wake. Maisha ya ndoa yalimtendea vibaya: mumewe alioa mke wa pili, naye akabaki pasipo nyumba ya kutegemea. Mwanamke huyo, aliyenyimwa yale yote ambayo kohbar huwaombea maarusi, ndiye aliyekuwa stadi kupita wote wa kuandika kohbar.

Alichora Ramayana katika mfululizo wa picha, na mfululizo mwingine juu ya maisha ya mwanadamu, tangu kuzaliwa na sherehe zake. Mwaka 1984 alipewa Padma Shri. Mwaka 1985 alipelekwa Marekani katika tamasha la India, na huko akaona mambo ambayo hakuna kikongwe wa Mithila aliyewahi kuyasimulia. Hakuyaacha nje ya kazi yake. Aliyachora kwa mistari ile ile ya kijijini, hata magari ya michezo yapandayo na kushuka juu ya reli, yaliyokunja miili yao kama nyoka wa Shravan.

Kisha akapatwa na saratani. Katika miaka yake ya mwisho alichora habari za ugonjwa wake: safari, hospitali, kitanda, waganga na wauguzi, na nafsi yake katikati yao. Hapo hapakuwa na ngano ya kale ya kufuata; lakini utaratibu wa ukuta wa arusi ulikuwa mkononi mwake, wa kuziweka alama kuzunguka jambo moja kuu, kila moja mahali pake. Alijifunza kuandika matakwa ya uzazi, naye kwa herufi zile zile aliandika kifo kinachokuja. Watu wengine wangesema kwamba aliiacha desturi. Sisi twaona kwamba aliimiliki.

Alikufa mwaka 1991. Kabla ya kufa aliandika kohbar nzima kuzunguka chumba kimoja katika nyumba ya makumbusho ya kazi za mikono katika Delhi. Watu walikuja kuitazama kwa miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 2015 habari zilienea kwamba katika kutengeneza upya jengo lile kuta hizo zimeharibiwa. Twakumbuka tulilosema juu: kohbar ya kijijini nayo huharibika. Lakini kijijini ukuta ukifa mwanamke yu hai, na mwaka ujao ataandika mwingine. Huko Delhi mwanamke alikuwa amekwisha kufa, na ukuta ulikuwa umeachiwa watu wengine kuutunza. Tofauti ya misiba hiyo miwili ni kubwa, na kila alindaye vitu vya kale yampasa kuifikiri.

VII. Wale ambao ngano haikuwa yao

Mpaka hapa tumesema habari za wanawake wa Brahmin na Kayastha, tabaka za juu, na picha za kwanza zilizojulikana zilikuwa zao. Lakini katika vijiji vile vile walikuwako Dusadh, watu waliohesabiwa kuwa wasioguswa, waliofanya kazi za ulinzi na za shamba. Wanawake wao walikuwa katika njaa ile ile, nao waliona jirani zao wakipata fedha kwa picha. Wachore nini? Ramayana ya kuta za Brahmin haikuwa ngano waliyoruhusiwa kuihesabu kuwa yao.

Mapema katika miaka ya 1970 Mjerumani mwana elimu ya desturi, Erika Moser, aliwahimiza wachore mambo yao wenyewe. Chano Devi wa Jitwarpur aliangalia ile michoro ambayo wanawake wa kwao walichomwa ngozini kwa sindano tangu usichana, iitwayo godna, akaihamishia karatasini: safu kwa safu za watu wadogo, wanyama na miti, wakizunguka duara ndani ya duara. Mwenziwe Jamuna Devi, wa tabaka ya Chamar, alipaka karatasi kwa maji ya mavi ya ng'ombe, ikapata rangi ya ukuta. Hivyo kitabu chao kilikuwa mwilini mwao, kama cha wengine kilivyokuwa ukutani.

Tena walikuwa na shujaa wao, Raja Salhesh, ambaye Dusadh humwimbia na kumheshimu katika vibanda vya ibada, akiwa juu ya tembo pamoja na ndugu zake. Masimulizi yake ni ya mlinzi mwaminifu aliyesingiziwa wizi, na ya wanawake watunza bustani waliompenda, mmoja wao akamsaidia hata mwizi wa kweli akajulikana. Katika Siraha, upande wa Nepal, ipo bustani yake ambapo, watu husema, ua la namna ya shada huchanua juu ya mti kila siku ya mwaka mpya. Jamaa ya walinzi waliodharauliwa walikuwa na mfalme, na mfalme huyo alikuwa mlinzi. Mwanamke wa Dusadh alipomchora Salhesh juu ya tembo, hakuazima utukufu wa mtu mwingine.

Heshima ilichelewa, lakini ilifika. Mwaka 2021 Padma Shri alipewa Dulari Devi, wa tabaka ya wavuvi, aliyeanza akiwa mtumishi katika nyumba ya Mahasundari Devi, akajifunza kwa kutazama na kwa kufundishwa na bibi zake wa kazi. Hadithi ya maisha yake ilichapwa kitabu mwaka 2010 pamoja na picha zake mwenyewe. Mwaka 2024 nishani hiyo walipewa Shanti Devi na mumewe Shivan Paswan, wachora godna wa watu wa Dusadh.

VIII. Mwisho

Kutokana na habari hizi twaona kwamba picha za Mithila ziliokolewa mara mbili na msiba, mara moja kwa tetemeko na mara moja kwa njaa, na kila mara aliyekuja kuzitazama alileta jambo jema na hasara pia. Archer alileta sifa, akaleta tabaka mahali pa jina. Soko lilileta jina, likaleta kukariri. Nyumba ya makumbusho ilileta ulinzi, na ulinzi ukashindwa. Katika hayo yote, kilichoendelea ni kile kisichoweza kununuliwa wala kubomolewa: mwanamke aijuaye ngano, aliye na ruhusa ya kuieleza apendavyo, na msichana aliyeketi karibu yake akijaza rangi.

Wasomaji wetu wengi, walimu na mapadre, hukusanya ngano na desturi katika vijiji wanavyokaa, na kurasa hizi zimekuwa zikinufaika kwa juhudi hiyo. Wazee wa kike ndio wenye ngano nyingi. Ni wao wazisimuliao jioni, na mara nyingi daftari letu huandika kwamba ngano ni ya kabila fulani, kisha likanyamaza. Mambo ya Mithila yatufundisha kufanya zaidi kidogo. Tuandike jina la bibi aliyesimulia, ikiwa aridhia, na la kijiji chake, na alijifunza kwa nani. Tuulize pia ni lini husimuliwa, na kwa nani, na ni nani asiyeruhusiwa kuisikia. Tena tukisikia bibi wa pili akiieleza ngano ile ile kwa njia nyingine, tusimsahihishe kwa daftari letu. Tuandike na yake. Huenda wa kwanza amesimulia ushindi wa Rama, na huyu wa pili anamsimulia Sita.